Digrii ya Usimamizi wa Ujenzi: Lori Halifiki Langoni

Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, kwetu hapakauki wageni. Mtu anapiga hodi baada ya Isha, anakaribishwa, anakunywa kahawa, anauliza bei ya saruji, anauliza hali ya ami yangu na mgongo wake, kisha ndipo anapofika alikokuwa akienda tangu mwanzo: "Hebu nambie mwanangu, hiyo ilimu ulokwenda kusoma bara, ina maslahi?" Nimelijibu swali hilo vipande vipande mpaka limenichosha. Basi naandika mara moja, kama mtu anavyoeleza mashua aliyoinunua na kuisafiria: inapokwenda vizuri nasema, inapovuja nasema.

Jibu la mwenye haraka: shahada ya Usimamizi wa Ujenzi, miaka 4, naipa nyota 3 na nusu kati ya 5. Ningekuwa mtu wa Nairobi pengine ningeipa 4. Jina la chuo silitaji, kwa sababu malalamiko yangu mengi ni ya kozi yenyewe, na wenzangu waliosoma kwingine tukikaa pamoja hulia kilio kimoja.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Langoni, hapa Amu, yaani mji wa Lamu, Kenya. Babu yangu alikuwa mwashi, na ami yangu ni mwashi mpaka leo, mgongo ukimruhusu. Machi 2, 2012 nilikuwa darasa la saba. Siku hiyo Rais Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja kwetu kuzindua mradi wa LAPSSET, bandari na barabara na reli na bomba, na walimu wakatwambia: someni mambo ya ujenzi, kazi zawafuata mlangoni. Nikaamini. Mwaka 2018 nikaitwa chuoni. Gati la kwanza la bandari, kule Kililana, lilianza kazi Mei 20, 2021, mimi niko mwaka wa tatu, mbali nalo, nahesabu kofia za plastiki kwenye stoo ya mtu. Hiyo stoo nitaifikia.

Gharama kwanza, maana ndiyo mzazi anayoiwaza hata akiuliza mengine. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa serikali na karo ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka. Mfumo huo haupo tena kwa wanaoingia sasa. Tangu 2023 kuna ufadhili, kuna mkopo, na kuna sehemu ya mzazi, kila nyumba kwa uwezo wake. Kwa hiyo usipige hesabu kwa 16,000 yangu. Soma barua ya mwanao. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, una riba ya asilimia 4, na baba alisema maneno mawili tu: riba, haiingii. Mama akaomba zamu yake ya upatu iletwe mbele, ami akatoa malipo ya nyumba moja aliyokuwa akiipiga lipu, na mambo yakaenda. Kilichotuumiza hasa ni kompyuta. Ukifika mwaka wa pili unatakiwa uchore kwa AutoCAD na upange ratiba kwa MS Project, na ile kompyuta ya shilingi elfu kumi na tano ya dukani ikifunguliwa AutoCAD hulia kama jiko la mchina kisha huzima. Mwambie mwanao asinunue kitu mpaka aone wenzake wanatumia nini.

Sasa, unasomea nini humo? Mtaani mnaniita injinia. Ahsanteni, lakini mimi si injinia. Injinia ndiye anayekwambia slabu itabeba au haibebi. Msanifu ndiye anayechora. Mkadiriaji ndiye anayehesabu kila tofali na kila msumari na kukutolea BQ, ile orodha ya vifaa na kazi na bei zake. Msimamizi wa ujenzi ni yule anayehakikisha hao watatu, pamoja na mafundi, hamali, muuza mchanga na mwenye nyumba, wanakutana mahali pamoja siku ile ile na vitu vipo. Ni kazi ya kweli. Lakini jueni hili mapema: kuna bodi, chini ya Sura 525 ya sheria za Kenya, inayosajili wasanifu na wakadiriaji, na mainjinia wana bodi yao. Mimi si wa huku wala wa kule. Mamlaka ya ujenzi ya taifa, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, husajili makandarasi na kuidhinisha wasimamizi wa saiti na mafundi. Kwa hiyo baada ya miaka 4, kadi niliyonayo mkobani ni ya NCA, sawasawa na kadi ya ami yangu, ambaye aliacha shule darasa la sita. Aliponiona naitia mkobani alicheka mpaka akashika mgongo. Hapo nusu nyota ilidondoka.

Nyota nyingine nzima ilidondoshwa na lori.

Mwaka wa pili tulikuwa na somo la kukadiria muda na nguvu kazi. Mwalimu, mtu mpole, hodari wa hesabu, akaandika ubaoni: lori la tani 7 likimwaga mchanga saiti, vibarua wangapi, saa ngapi, zege mita ngapi. Nikainua mkono. "Mwalimu, na pasipokuwa na lori?" Darasa likacheka. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akafikiri kidogo, kisha akasema, bila ubaya wowote: "Hiyo iweke kwenye gharama nyinginezo."

Nimeishi na hizo gharama nyinginezo tangu nirudi. Nikuonyesheni hesabu moja, ya nyumba mpya ya ghorofa niliyoisimamia huku nyuma Langoni. Kazi ya kujenga na lipu ilihitaji mifuko 120 ya saruji, uwiano saruji 1 kwa mchanga 4. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo mchanga unaotakiwa ni kama mita za ujazo 17, yaani tani 27 hivi. Kwa lori la mwalimu ni safari 4, na kabla ya Adhuhuri mmemaliza. Sasa mchanga huo uko ukingoni, umeshashushwa kutoka mashuani, na nyumba iko ndani, ndia hazipishani watu wawili wenye vikapu. Punda mmoja ndani ya shogi zake nampakia kilo 60. Utawaona wanaowapakia zaidi, na kliniki ya punda iliyopo hapa mjini tangu 1987 haikosi kazi kwa sababu yao. Tani 27 kwa kilo 60 ni safari 450. Punda wanne, kila mmoja safari 10 kwa siku, hiyo ni siku 11 na kitu. Mchanga peke yake. Bado saruji, bado vyuma, bado matofali, bado maji. Na punda mmoja akichechemea, ratiba yako yote inachechemea naye.

Sasa niambie kama hiyo ni "nyinginezo". Katika nyumba ile, kubeba ndiko kulikokula fedha kuliko ufundi wa kujenga kuta. Lakini nitakuwa mwongo nikisema chuo hakikunisaidia. Ile njia ya kuhesabu nilipewa na mwalimu yule yule. Nilichofanya ni kumtoa lori na kumwingiza punda. Ami yangu amejenga miaka 35 na hakuwahi kumwambia mwenye nyumba, kabla kazi haijaanza, kwamba mchanga utachukua siku 11. Alikuwa akisema "In shaa Allah hautakawia", na ukikawia watu wananuniana.

Somo la ratiba ndilo lililonichekesha zaidi, kwa uzuri. Tulifundishwa ile hesabu ya kutafuta mlolongo wa kazi ambazo moja ikichelewa siku moja, jengo zima linachelewa siku moja. Ilibuniwa Marekani mwaka 1957 kwa ajili ya viwanda vya kemikali vya DuPont, na mwaka uliofuata jeshi la majini la huko likaja na ya kwake kwa makombora ya Polaris. Mambo makubwa. Nikarudi nyumbani na ratiba yangu ya rangi, nikaenda kwa nahodha anayeleta mawe kutoka kisiwa cha Manda, jirani yetu, nikamwambia nataka mzigo wa kwanza tarehe 14, saa sita mchana.

Akaniuliza: "Mwezi ngapi yeo?"

Nikamtajia tarehe.

"Hiyo ni ya serikali. Mimi nauliza mwezi."

Sikuwa najua. Mtoto wa Langoni, na shahada, sijui mwezi umeandama lini. Akanieleza kwa subira kama anavyoelezwa mgeni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: hapa kwetu maji hujaa kuelekea alfajiri na tena kuelekea Magharibi, na ikifika saa nne asubuhi ukingo ni tope tupu, mashua zimelala ubavu. Huko kati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na mashua yenye mawe haisogei karibu, hamali wanaingia majini mpaka kifuani wakabebe mawe begani, na bei inabadilika. Saa sita mchana ya bamvua, aliniambia, "hata kaa hatii nanga."

Nikarudi nikaongeza mstari mmoja juu kabisa ya ratiba yangu, juu ya Jumatatu na Jumanne: tarehe za mwezi wa Kiislamu, na bamvua nimezipaka rangi ya samawati. Tangu hapo sijawahi kutengeneza ratiba bila mstari huo. Ule mlolongo wa DuPont uko pale pale, ila kichwa chake ni mwezi.

Maabara sasa, maana wengi huuliza kama tunashika kitu kwa mkono. Tunashika, ila kwa foleni. Tulikuwa wanafunzi wengi na mashine ya kuvunjia zege moja. Hata hivyo somo lililoniingia kuliko yote lilitoka pale. Tuliambiwa tumimine miche ya zege, vipande vya mraba vya milimita 150 kila upande, tuiloweke majini, tuivunje siku ya 7 na siku ya 28 tuone imebeba kiasi gani. Mimi nilikuwa nimerudi likizo na mchanga wa ufuoni ndani ya mfuko wa unga, kilo kama 10, umesafiri nami ndani ya basi kutoka Mokowe, ng'ambo yetu bara, mpaka Nairobi, kondakta ananitazama. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu mchanga wa kwetu ulivyo mbovu. Nikamimina miche yangu, wenzangu wakamimina ya mchanga wa mto.

Siku ya 7 tukavunja. Mche wangu ukashinda.

Niliona haya. Mwalimu wa maabara akaja, akaukoroga mchanga uliobaki kwa kidole, akasema: sasa umefahamu kwa nini watu wanaendelea kuutumia. Chumvi huharakisha zege kushika mwanzoni, na kipimo cha siku 28 hakikwambii kitu. Shida iko kwenye chuma. Chumvi hula chuma ndani kwa ndani, kutu huwa kubwa kuliko chuma kilichoizaa, inavimba, inapasua zege kutoka ndani, na hilo huja baada ya miaka, fundi ameshalipwa na ameshahama mtaa. Tembeeni barazani mtazame chini ya slabu za nyumba zilizomwagwa bila kuosha mchanga: vipande vimedondoka, chuma kimetoka nje, chekundu. Nilikuwa nimeziona tangu mdogo, nikidhani ni uzee tu. Kwa siku ile moja ya maabara, kozi ilijirudishia nusu nyota.

Mwaka 2020 vyuo vilifungwa na korona, tukarudishwa nyumbani. Upimaji ardhi nimeusoma kwenye simu, nimekaa juu ya dari, mtandao unakuja na kuondoka kama paka. Mwalimu anaeleza namna ya kusoma kile chombo cha kupimia miinuko, na mimi sina chombo, nina mwiko wa ami na timazi yake. Sitaki kusema sana hapa. Sote tuliibiwa mwaka ule, na hakuna wa kumdai.

Mafunzo ya kazini je? Wiki 12, mwaka 2021, kwa kampuni moja iliyokuwa ikipandisha ghorofa nyingi Nairobi. Barua ya chuo ilisema nikajifunze usimamizi. Foroman alinitazama, buibui na buti, akasema "Mombasa, wewe utakaa stoo." Nikamwambia mimi si wa Mombasa, kutoka Mombasa mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 300. Akasema sawa, Mombasa. Basi wiki 6 nikahesabu kofia, glavu na misumari. Choo cha wanawake hakikuwepo. Mama wa kuuza chai nje ya lango ndiye aliyenisaidia, Mungu amlipe. Mhadhiri wa kunikagua alikuja mara moja, akasimama dakika chache, akatia sahihi kitabu, akaenda zake. Ukisikia nyota hazikutimia, wiki hizi 6 zina sehemu yake.

Ila stoo nayo ilinipa kitu. Nikagundua kwamba mbao za kumwagia slabu zinazotoka kwa barua ni 80 na zinazorudi ni 60, na hakuna anayeuliza. Nikaanza kuandika: nani kachukua, saa ngapi, ghorofa ya ngapi. Wiki ya 6 foroman akaja kuliomba daftari, maana bosi alikuwa amepandisha sauti. Wiki ya 7 nilitolewa stoo, nikawa napanda naye ghorofani kila asubuhi. Aliendelea kuniita Mombasa mpaka siku ya mwisho.

Malalamiko yangu makubwa yaliyobaki ni chokaa. Masomo zaidi ya 40 kwa miaka 4, na chokaa ilipata ukurasa mmoja, tena wa historia. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa karibu nusu mita, dari ni boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita 2 na nusu au 3 hivi. Hivyo ndivyo babu zetu walivyofanya hesabu ya muundo: mti ndio uliopanga chumba. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Unyevu unaingia na kutoka. Fundi wa siku hizi akija akaupaka lipu ya saruji ili uwe mgumu, unyevu unafungiwa ndani na chumvi yake, na baada ya misimu michache lipu inavimba na kuanguka vipande vipande, imeondoka na ngozi ya ukuta. Nililijua hili kwa ami, ambaye bado huloweka chokaa shimoni na kuiacha mpaka iwe kama siagi, na huwafokea vijana wanaoiharakisha. Chuoni hakuna aliyenifundisha, wala kunikadiria siku ngapi chokaa inasubiriwa. Mtu anayesoma kozi hii akiwa na nia ya kurudi kufanya kazi Mkomani, mtaa wa nyumba za kale hapa Lamu, ajue sehemu hiyo atajisomesha mwenyewe, kwa wazee, wakiwa bado wako.

Nimebakisha kilichonifanya nisiipe nyota 2. Mikataba.

Hakuna aliyelipenda somo hilo. Lilikuwa Ijumaa mchana, na mimi nilikuwa naingia nimechelewa kwa ajili ya kuswali. Mwalimu wa mikataba alikuwa mama mtu mzima, sauti ndogo, aliyefanya kazi saiti miaka mingi kabla ya kufundisha. Siku ya kwanza alianza na lile jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka usiku wa Aprili 29, 2016. Hakutuuliza zege ilikuwa na nguvu gani. Alituuliza: ni karatasi zipi mngetaka kuziona? Tukataja ramani, tukataja kibali. Akaendelea kutungoja. Mwisho akasema, nataka kuona daftari la saiti. Nataka kujua siku ya Jumatatu nani alikuwa pale, aliambiwa nini, na nani. Kisha akatupitisha kwenye ule mkataba wa JBC, baraza la pamoja la ujenzi, wa 1999 uliokuwa ukitumika sana kwa majengo hapa Kenya, kifungu kwa kifungu: badiliko lolote liandikwe, malipo yawe na hati, na sehemu ya fedha izuiliwe mpaka kasoro zirekebishwe. Nusu ya darasa ilikuwa imelala.

Nilipomaliza nikarudi nyumbani, ami akanichukua kwenye nyumba moja, ya mtu wetu anayefanya kazi Uarabuni. Nikamwambia: ami, tuandikiane na mwenye nyumba. Akakasirika kweli. "Sisi ni watu wa neno. Wataka nimwandikie mtu wa mtaa wangu kama mshitakiwa?" Sikubishana. Nikanunua daftari la Kasuku la kurasa 96, nikawa naandika mwenyewe kila jioni, nimekaa juu ya ngazi. Hali ya anga. Mafundi wangapi. Hamali wangapi. Kilichokuja, kilichoisha. Nani kapiga simu.

Mwenye nyumba alirudi kazi imekaribia kwisha. Akapanda juu, akatazama, akasema ukuta wa juu ya dari umezidi urefu aliousema na yeye hatolipia. Ami akasema, ulinambia mwenyewe kwa simu. Yule akasema, sikusema. Watu wawili wanaojuana tangu chuo cha Qur'ani, wanaswali msikiti mmoja, na pale juu wakawa hawatazamani. Kwa siku 4 kazi ilisimama.

Siku ya 5 nikamwomba ami ruhusa, nikamletea mwenye nyumba daftari. Nikalifungua penye Jumanne moja ya mwezi wa pili. Iliandikwa: mvua asubuhi, ikakatika. Mafundi 3, hamali 2. Mwenye nyumba kapiga simu baada ya Adhuhuri, ami kaweka spika. Kasema ukuta wa juu uongezwe kozi 3, yaani safu 3 za mawe, kwa ajili ya stara, watoto wa kike wanaanika nguo. Ami kamuuliza kuhusu gharama, kasema andika tutahesabu.

Alisoma mara mbili. Yale maneno ya kuanika nguo ndiyo yaliyomvunja, maana hakuna mtu angeyabuni. Akasema: "Kweli. Nilisema. Nilikuwa kwenye gari." Akalipa kozi 3. Akaniomba na picha ya ukurasa ule, sijui wa nini.

Tukirudi nyumbani ami alikuwa kimya mpaka tukafika karibu na mlango. Kisha akasema, kama anajisemea, kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya deni, Baqara 282, na inaamrisha kuandika, na yeye ameisoma tangu yu mtoto. Hakusema lingine. Tangu nyumba ile, kazi zetu zote tunaandikiana. Karatasi moja tu, Kiswahili, mashahidi wawili, kiasi kinachozuiliwa mpaka miezi 6 ipite tuone kama kuna panapovuja, na mstari usemao: ukibadilisha, tuma ujumbe, usipige simu. Kwa JBC ni kurasa nyingi. Kwa Langoni moja yatosha.

Fedha je? Mwaka wa kwanza wa kazi nimelipwa vizuri mara mbili, na mara moja kwa samaki. Sasa kunakwenda. Wenzangu waliobaki Nairobi wengine wako kwa makandarasi, wengine wanauza simu. Sitawadanganya.

Basi nani aende? Mtoto anayependa kushika mwiko, mpeleke chuo cha ufundi, ni nafuu na atakula mapema. Anayependa kuchora, akasomee usanifu, atapata na bodi. Lakini kuna yule mtoto ambaye kwenye shughuli ya harusi unamkuta jikoni anajua nani kala, nani hajala, sufuria ya jirani iko wapi na nani kaondoka na sinia. Huyo ndiye. Mpeleke, nyota 3 na nusu zitamtosha.

Aende na buti zake kutoka nyumbani, namba ndogo hazipatikani saiti. Na madaftari yangu ya mikataba ya mwaka wa tatu ninayo bado, manne, la pili limeliwa na mchwa pembeni lakini lasomeka. Anayeyataka apite baada ya Alasiri. Asubuhi niko ukingoni, leo mwezi ni 13 na mashua ya mawe inaingia na maji ya bamvua.